Sentensi Iliyopotea Siku ya Msalaba

Ko! Kimya kidogo, kisha ko! tena, na baada yake mlio wa kitu kikavu kikipasuka.

Nimia Ovelar alifumbua macho gizani. Mvua ya jioni ilikuwa imekata umeme Karanday nzima, na jikoni kwa mama yake kulikuwa na mwanga wa mshumaa tu, ukichezacheza chini ya mlango. Kinu cha mama alikijua, alizaliwa akakikuta. Kila alfajiri kilitwanga majani mabichi ya kutia kwenye maji ya kunywa, na mlio wake ulikuwa wa majimaji, wa kubembeleza. Huu wa leo ulikuwa mlio wa kuvunja.

"Mama, unaponda mawe?"

"Naponda kifungua kinywa chako. Amka, inspekta! Wezi wote wa nchi wameshanawa uso, wewe bado unakoroma."

Mama yake, Ña Ceferina, alikuwa na kitambaa chake cheusi kichwani na vumbi jeupe kwenye vidole. Alimsukumia bintiye kikombe cha yerba mate, chai ya majani yaliyounguzwa na sukari, yenye maziwa, na bakuli la vipande vya chipa, ule mkate wa wanga wa muhogo na jibini ambao ukikaa siku kadhaa huwa mgumu kama kigae. Nimia alichovya kipande kilichopinda kama mpini wa kikombe, akakitafuna macho yakiwa bado yamefumba nusu. Kilikuwa kitamu. Alichukua kingine.

"Umetoka wapi na kitambaa saa hizi?"

"Leo Siku ya Msalaba, unaniuliza nimetoka wapi." Mama alijifunga kanga ya bega. "Naenda kwa Saturnina, tanuri haliwezi kuningoja. Bakuli lioshe."

Kulikuwa kumeanza kupambazuka simu ilipolia. Alikuwa Fretes, mkuu wa kituo cha polisi cha Karanday.

"Inspekta, najua uko likizo."

"Kama unajua, mbona unapiga?"

"Wewe ndiye mtu wa kitengo cha kazi za sanaa aliye karibu. Ile kazi ya Mirtha Insfrán imeibwa. Yote. Wametuachia matawi."

"Na umemkamata nani?"

Fretes alisita. "Umejuaje nimekamata mtu?"

"Sauti yako ina furaha."

*

Uwanja wa stesheni ya zamani, ambako treni haijapita tangu Nimia akiwa mtoto, ulikuwa umelowa. Katikati palisimama tao la matawi mabichi, refu kuliko mtu, na kutoka kwenye matawi hayo zilining'inia nyuzi nyeusi ambazo hazikushika kitu.

Hadi jana nyuzi zile zilikuwa zimeshika herufi. Kila herufi ilikuwa kubwa kama sahani, imeumbwa kwa unga wa chipa na kuokwa mpaka ikawa kahawia, na zote pamoja, kwa Kiguarani, lugha ya nyumbani kwao, zilisema sentensi moja: Hapa hakuna maji.

Hakuna mtu wa Karanday asiyejua sentensi ile ilikotoka. Enzi ya udikteta wa Jenerali, gazeti la serikali lilitangaza kwamba maji ya bomba yamefika mjini. Mwalimu Rumilio Insfrán alilisoma mbele ya darasa, akaligeuza kana kwamba jambo lenyewe liko upande wa pili, kisha akaandika ubaoni yale aliyoyaona kwa macho yake. Hapa hakuna maji. Watoto wakanakili. Jioni ile wakaja wanaume wawili wakamchukua, na asubuhi yake mwingine akaja na kopo la lami, akapaka juu ya maneno. Ubao ulibaki shuleni na ule ukanda mweusi katikati. Mwalimu hakurudi.

Binti yake, Mirtha, alikuwa ameyatumia maisha yake yote kwa ukanda ule. Aliwahi kudarizi kwa uzi mweupe maneno yaliyofutwa magazetini. Aliwahi kuchapa kuta nzima za kurasa zilizopakwa weusi, mtu akisogea karibu anaona herufi zimeumuka chini ya rangi kama mishipa ya mkono. Watu walipanga foleni kuzitazama, huko mji mkuu na ng'ambo. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kuonyeshwa nyumbani.

Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi za mvi, mikono imeshikana magotini.

"Wamemchukua baba mara ya pili," alisema.

"Dada Mirtha, unamshuku nani?"

"Simshuku. Namjua. Críspulo ndiye mlinzi, ndiye mwenye funguo. Na baba yake alikuwa sikio la polisi. Ndiye aliyelitaja jina la baba yangu. Nilipoambiwa mwanawe ndiye atakayeilinda kazi, nikasema sawa, mambo ya zamani yamepita, mtoto si baba." Alicheka bila furaha. "Ona sasa."

"Gari la mahabusu linakwenda mji mkuu saa sita," Fretes aliongeza huku akijishika mkanda. "Kazi yenyewe imekatiwa bima ya ng'ambo. Hapo tunazungumzia wizi mkubwa, inspekta. Gereza la kweli. Mzee mwenyewe hajakana."

"Amekiri?"

"Hajakana."

Nimia aliuzunguka uwanja polepole. Kufuli la geti lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Matope yalikuwa yamekanyagwa na miguu mingi, mingine midogo sana, lakini watoto walicheza pale kila siku. Alishika ncha ya uzi mmoja, kisha wa pili. Zote zilikuwa zimekatwa sawasawa, hazikuchanika wala kufumuka.

Mkasi, alijisemea. Mwizi mwenye haraka huvuta. Huyu alikuwa na nafasi.

Akachutama chini ya tao. Kwenye vigae vya mbele kulikuwa na madoa meupe magumu. Aliyakwangua kwa ukucha akanusa: nta ya mshumaa. Na kati ya vigae, zimezama kwenye tope, maganda ya karanga.

"Dada Mirtha, kazi yako ilikuwa na karanga?"

"Karanga? Hapana. Matawi, herufi na uzi, basi."

"Na mishumaa?"

"Sikuweka moto karibu na majani, mimi si mwehu."

Nimia alisimama na ganda kiganjani. Wezi aliokuwa amewafuata maishani walikuwa wengi, wa michoro, wa vinyago, wa sanamu za kanisani, na wote walikuwa na tabia moja: walipunguza. Huyu alikuwa ameongeza.

"Kuna na hiki," alisema Fretes, akajitia kuwa amekisahau. Nyuma ya dirisha la kukatia tiketi kulikuwa na kitambaa cheusi, kipya, kimekunjwa vizuri, na kwenye pindo lake mhuri wa ofisi ya manispaa.

Mirtha alikitazama kitambaa kile, akawa mweupe midomo.

*

Bwana Gauto, msemaji wa manispaa, alikuwa na viatu vya ngozi vyenye matone ya rangi ya bluu, na hotuba mkononi.

"Kitambaa ni chetu," alisema kabla hajaulizwa mara ya pili. "Niliomba kazi ile ifunikwe kwa muda. Si kuificha. Kuikinga na jua."

"Jua lipi, Bwana Gauto? Mawingu hayajaachia tangu jana."

"Jua hurudi."

"Mchana huu?"

Gauto alishusha hotuba mezani. "Inspekta, tuzungumze kama watu wa mji mmoja. Waziri anakuja saa nane kuzindua tangi letu jipya. Njia yake inapita stesheni. Unataka akate utepe huku ametoka kusoma kwamba hapa hakuna maji?"

"Maji yapo?"

"Tangi lipo."

"Nimeuliza maji."

"Maji yako njiani. Kiutaratibu."

"Kwa hiyo ulipeleka kitambaa."

"Nilipeleka kitambaa. Dada Mirtha akaniambia nikajifunike mwenyewe. Nikakiacha dirishani, labda angelala akabadilisha mawazo. Usiku kucha nilikuwa juu ya ngazi na mafundi, tunapaka tangi rangi kwa taa za gari. Waulize. Mmoja amenimwagia kopo." Akanyanyua kiatu. "Sasa nikuulize na mimi: mtu aliyekuja kuziondoa herufi zote angehangaika na kitambaa cha kuzifunika?"

Nimia alikiri moyoni kwamba hilo lilikuwa swali zuri. Kitambaa hakikuwa kimefunuliwa hata mkunjo mmoja.

"Aliyefanya hivi simjui," Gauto alisema, akichukua tena hotuba yake, uso umemlegea kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. "Lakini ukimpata, mpe shukrani zangu."

*

Mahabusu ya Karanday ilikuwa chumba kimoja chenye benchi moja. Críspulo Benítez alikuwa amekaa wima, kofia ya majani juu ya goti. Alikuwa na umri wa kupata wajukuu na mikono ya mtu anayechimba.

"Mzee Críspulo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Mzee, mlango uliufungua wewe?"

"Mimi."

"Ukamfungulia nani?"

"Andika mimi."

"Nimeuliza ulimfungulia nani."

"Andika nilifungua, ni mimi, basi. Yaishe."

"Herufi ulizibeba vipi?"

"Kwa mikono."

"Zote? Zinavunjika zile."

"Nilikwenda nikarudi."

"Nyuzi ulizikata na nini?"

"Kisu."

"Zimekatwa kwa mkasi, Mzee." Nimia alivuta kiti akaketi mbele yake. "Unadanganya vibaya mno. Inaonekana huna mazoezi."

Tabasamu dogo lilimpitia mzee, likaondoka. Alizungusha kofia. Nje, kinanda cha mdomo cha bendi ya manispaa kilikuwa kinajaribu wimbo wa kumpokea waziri, kikikosea palepale kila mara.

"Niulize na mimi kitu kimoja," alisema. "Mjukuu wangu, Yerutí. Amekula?"

"Amekula nini?"

"Chakula!" Sauti ilimtoka juu. "Nauliza chakula. Mtoto si anakula chakula?"

Nimia alimtazama. Masikio ya mzee yalikuwa yamekuwa mekundu.

"Mzee wangu, saa sita wanakupeleka mji mkuu. Ukishaingia kule, kukutoa si kazi ya wiki moja. Kuna watu unawafichia. Niambie majina, mimi nitajua la kufanya nayo."

Hapo Críspulo aliiweka kofia benchini, taratibu, kana kwamba ilikuwa na yai ndani.

"Mwanangu, wewe ni mtoto wa hapa. Unajua wanavyosema kuhusu baba yangu. Kwamba aliitwa kwenye chumba kama hiki, akaulizwa jina, akalitaja." Alitikisa kichwa. "Sijui kama ni kweli. Hakuniambia mpaka anakufa. Lakini mimi nimeitwa kwenye chumba hikihiki, na unaniuliza majina. Basi mimi sitaji."

Nimia alirudisha kiti mahali pake. Alisimama, akamwachia chupa yake ya maji ya baridi yenye majani, akatoka.

*

Alikuwa amefika kona ya duka la dawa mtoto alipompita mbio, akiwa amevaa shingoni tasbihi ndefu ya karanga zilizotungwa kwenye uzi, akizivunja moja moja na kutafuna huku maganda yakidondoka nyuma yake.

Nimia alisimama katikati ya barabara.

Kila mwaka, Siku ya Msalaba, nyumba za Karanday husimamisha tao la matawi mabichi na msalaba ndani yake. Humo hutundikwa tasbihi za karanga, na chipa zilizoumbwa kwa kila umbo, ndege, ngazi, mamba, nyota. Watu huja na mishumaa. Husali. Na sala ikiisha, mwenye mkasi huanza kukata nyuzi, na kila kilichotundikwa hugawiwa, watoto kwanza. Hakuna anayeomba ruhusa. Kuacha chipa ikining'inia baada ya sala ni kama kumkaribisha mgeni mezani kisha umnyime sahani.

Na yeye, inspekta mzima, alizunguka tao lile asubuhi nzima akiliita kielelezo!

Kisha likaja jingine. Ko! Kinu gizani. Kitambaa cheusi cha mama kichwani. Vumbi jeupe. Kipande kile kilichopinda kama mpini wa kikombe.

Alijishika tumbo. Mwuza dawa aliyekuwa mlangoni akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," Nimia alijibu, na kicheko kikamponyoka. "Nimekula ushahidi."

*

Tanuri la udongo la Ña Saturnina lilikuwa limewaka vizuri, na wanawake walikuwa wamelizunguka, unga hadi viwikoni. Saturnina mwenyewe, dada mkubwa wa Críspulo na msalishaji wa mtaa, alikuwa ameshika koleo la mbao kama askofu na fimbo yake.

"Haya, polisi kaja," alisema. "Ceferina, mwanao kaja kula tena."

"Mama," Nimia alisema, "ile chipa ya asubuhi uliitoa wapi?"

"Msalabani. Ungetaka niitoe wapi, benki?"

"Msalaba upi?"

"Wa stesheni. Mzuri ajabu, tao kama la askofu. Kila mwaka tunasali hapa kwa Saturnina kwenye tope. Mwaka huu tukasema, mtu amejitolea kutujengea vile, sisi nani tususe?"

"Mama! Hamkusikia kwamba kazi ya Mirtha imeibwa?"

"Tumesikia sanamu imeibwa," Ña Saturnina alisema. "Inasikitisha. Lakini sisi hatukuona sanamu pale. Kulikuwa na chipa tu."

"Zile chipa ndizo sanamu."

Wanawake walitazamana. Mmoja, taratibu, alifuta mdomo kwa aproni.

"Hamkuona ni herufi? Hamkusoma?"

"Tulisoma, wewe mtoto, sisi si vipofu," alijibu mama yake, sasa kwa sauti ya chini. "Hapa hakuna maji. Ndiyo sababu tuliingia! Tukasema hatimaye kuna aliyeliandika ombi kama lilivyo, bila kulizungusha. Tukawasha mishumaa, tukalisalia hilohilo, neno kwa neno. Na sala ikiisha, msalaba unavuliwa. Au mji mkuu umekusahaulisha?"

"Na getini?"

"Críspulo alitufungulia. Alisema mtu hafungii msalaba nje, wala waumini. Akaingia na Yerutí mkononi, mtoto akapewa wa kwanza."

"Críspulo yuko mahabusu," Nimia alisema. "Saa sita wanampeleka mji mkuu kwa wizi. Tangu asubuhi wanamwuliza ni akina nani aliowafungulia."

Koleo lilishuka mpaka ncha yake ikagusa ardhi.

"Aliniachia mtoto, akasema anaitwa kutoa maelezo tu," Ña Saturnina alisema. "Na amewaambia nini?"

"Hajamtaja hata mmoja wenu."

Moto ulilia ndani ya tanuri. Ña Saturnina aliuangalia. Kisha akavua aproni, akaitupa juu ya meza ya unga.

"Nani bado hajala?" aliuliza kwa sauti ya kusalisha. "Nimesema, nani ana kipande ambacho bado hajakila? Kiko nyumbani, kiko juu ya mlango, kiko chini ya mto wa mgonjwa, sijali. Kileteni. Upesi!"

*

Gari la mahabusu lilikuwa limeshawashwa wanawake wale walipoingia uwanja wa kituo, aproni zimekunjwa mbele kama wanaobeba mayai. Fretes alitoka akiwa na kitambaa cha chakula shingoni. Mirtha Insfrán alikuwa ndani, akisaini mashtaka yake. Alisimama na kalamu mkononi.

Ña Saturnina hakumwangalia Fretes kabisa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Mirtha, akamfunulia aproni. Ndani mlikuwa na herufi mbili nzima na nusu ya ya tatu.

"Baba yako alinifundisha kusoma," alisema. "Siku ile nilikuwa dawati la mbele. Sentensi ile niliinakili kwa mkono wangu huu. Mama aliniamuru niile karatasi, wasije wakaikuta, na nikaila, nalia. Leo nimeiona tena imetundikwa hadharani. Nimeisoma kwa sauti, nimeisalia, na nikaila tena, safari hii nikicheka na watoto wa mtaa wetu. Kama hilo ni wizi, nifunge mimi. Mdogo wangu alifungua mlango tu."

Mirtha alichukua ile nusu ya herufi, akaigeuza. Ukingoni ilikuwa na alama za meno madogo.

"Críspulo alijua kwamba ni nyinyi?" aliuliza.

"Alijua," Nimia alidakia. "Nimemwuliza majina uso kwa uso. Aliniambia kwamba yeye hataji."

Kalamu ilianguka. Mirtha aliketi kwenye kiti cha Fretes, akafunika uso, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kabla watu hawajatambua kwamba pamoja na machozi alikuwa anacheka.

"Maisha yangu yote naiandika isomwe," alisema. "Kwa uzi, kwa wino, kwa lami. Wataalamu wameniandikia vitabu. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba inaweza kuliwa. Mkuu, ichane hiyo karatasi. Mtoe mzee wa watu."

"Nichane? Kesi imeshafunguliwa!" Fretes alitazama huku na huku. "Sasa niandike nini?"

"Andika hakuna kosa," Nimia alisema. "Vielelezo vimeliwa kwa mujibu wa desturi."

"Vimeliwa na nani?"

"Na wananchi. Na afisa mpelelezi."

"Inspekta!"

"Kwa maziwa, Mkuu. Vilikuwa vitamu."

Críspulo alipotoka kwenye jua alisimama mlangoni akiwa haamini, kofia mkononi. Mirtha alimwendea. Hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa kukumbatiana. Alimpokonya tu ile kofia, akamvika kichwani mwenyewe, akaiweka sawa.

"Twende," alimwambia. "Una kazi ya kulinda."

*

Walizitundika upya kabla ya saa nane. Herufi zilizovunjika ziliungwa kwa unga mbichi. Zilizokwisha kuliwa zikajazwa na tasbihi za karanga zilizokunjwa kwa umbo lake, na mama yake Nimia ndiye aliyekunja ile ya bintiye, akinung'unika kwamba mtoto huyu tangu utoto hakuwa na subira mezani.

Neno la mwisho tu ndilo lililobaki tupu. Kwa Kiguarani maji ni herufi moja, na hiyo ndiyo aliyopewa Yerutí, mjukuu wa Críspulo, wa kwanza kabla ya wote. Hakubakiza hata chembe. Ña Ceferina alikuja na karanga zake, Mirtha akamzuia mkono.

"Hapo paache wazi, mama yangu."

Gauto alipofika mbio mbele ya msafara, uso ulimwiva kuona herufi zimerudi. Aliisoma sentensi mara moja, mara ya pili. Akafika kwenye ule uzi mtupu, akashusha pumzi mpaka tai ikalegea. Hapa hakuna. Hapakuwa na ubaya wowote. Ilikuwa hata nusu ya sifa.

Waziri alishuka kwenye gari, mtu mnene mwenye adabu, akavutwa na harufu ya tanuri na lile kundi la watu waliosimama kimya wakilizunguka tao. Alisogea karibu. Bendi ikanyamaza, wimbo bado haujafika mahali pake pa kukosea.

"Hapa hakuna," alisoma, kidole hewani. "Hakuna nini?"

"Hakuna shida, mheshimiwa!" Gauto alisema.

Watu wachache waliguna. Waziri alitabasamu, lakini hakuondoa macho kwenye uzi. "Naona kuna neno limepungua. Ni neno gani?"

Wenye umri walitazama vidole vya miguu yao, kwa mazoea tu. Hata Ña Saturnina alikuwa ameshika koo la gauni lake. Fretes alikohoa. Nimia aliwaangalia mmoja mmoja, na macho yake yakaishia kwa Críspulo, aliyesimama nyuma kabisa, mjukuu wake kakaa mabegani.

Mzee alikuwa ameshika vifundo vya miguu ya mtoto. Alimwona Nimia akimtazama. Angeweza kumminya mguu kidogo, kama watoto wote wa Karanday walivyominywa kwa miaka mingi. Badala yake alijinyoosha, akawa mrefu kadiri alivyoweza, ili mtoto aonekane.

Yerutí alifuta makombo kwenye kidevu.

"Hapa hakuna maji," alisema.